Siku Mzee Karoli Alipotusindikiza Hadi Kamembe

Vijana, jana niliwatazama pale ufukweni mkipakia wageni kwenye mashua yenu mpya, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yule mama mnene mlimkalisha pembeni kabisa, na mume wake naye mkamweka upande huo huo ili wapigwe picha pamoja. Mashua ikalala ubavu. Shukuruni kwamba ziwa lilikuwa limetulia. Mzito hukaa katikati, mwembamba mbele, na mwenye maswali mengi hukaa mbali na mota, achoke kupiga kelele kabla hujachoka kumjibu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi, na nimetembeza watu juu ya Kivu hii mpaka magoti yakakataa kuruka kutoka mashuani.

Mniwie radhi nikianza kwa kuwagombeza. Mlisema nije niwaambie habari za kazi, na habari za kazi haziji bila kugombezwa kidogo.

Mimi ni Saidi, mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe. Baba alitaka nishone makanzu. Nikashona moja, mkono mmoja ukafika kwenye vidole na wa pili ukaishia kwenye kiwiko. Baba alilivaa Idi ile kwa sababu ya mapenzi, kisha akaniambia kwa upole kwamba riziki yangu Mungu ameiweka mahali pengine. Ndipo nikachukuliwa na Maman Ziada. Mama huyu alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, juu kidogo ya bandari, na mashua moja ya mbao yenye mota iliyowaka ikijisikia. Zamani hizo nchi zilikuwa zimekwisha kujitawala, lakini simu bado ilikuwa kitu cha posta, na mgeni akitaka kujua hali ya hewa aliniuliza mimi.

Maman Ziada hakuwahi kushika usukani hata siku moja, na ndiye aliyenifundisha kazi yote. Alisema mgeni mpe kivuli, maji ya kunywa na mahali pa kujisaidia, milima ataiona mwenyewe. Alisema pia nisiahidi kitu chenye miguu. Somo hili la pili sikulisikia mpaka nilipomwahidi bwana mmoja kwamba nitamwonyesha fisi-maji. Tulizunguka visiwa asubuhi nzima, yeye na darubini yake, mimi na aibu yangu, na tulichokiona ni soksi moja ikielea. Tangu hapo nikaahidi vilima, visiwa, na Bukavu ng'ambo ya maji. Bukavu haijawahi kukimbia.

Kwenye chemchemi za moto kule Bugarama ni hivyo hivyo. Kila mgeni aliambiwa na mwenzake kwamba yai linachemka mle ndani. Mgeni mmoja alikuja na yai lake mfukoni kutoka hotelini, akalizamisha kwenye soksi, akakaa juani akilisubiri. Yai halikuiva. Yeye aliiva, pua na shingo, na jioni Maman Ziada akampaka maziwa ya mgando huku akinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeliwasha jua.

Lakini habari niliyokuja kuwasimulia hasa ni ya kusindikiza. Nimeona mnavyowaaga wageni siku hizi: mnapunga mkono, mnatazama simu, basi. Ngojeni niwaambie.

Kule Nkombo, kisiwani, alikuwako mzee mmoja jina lake Karoli, mkulima na mvuvi, mwembamba, mwenye adabu nyingi kuliko mwili wake. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na kutoka uani kwake uliona ziwa pande tatu. Kila nilipopeleka wageni kisiwani nilipita kwake. Aliwapa viti, juisi ya ndizi, na wanywaji akawapa pombe ya mtama. Mimi, kwa sababu ya dini yangu, aliniwekea kibuyu changu cha juisi peke yake, na hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Wageni wakiinuka aliwapa kinywaji kingine tena, kile cha kuagana ambacho Wanyarwanda hukiita agashinguracumu, maana yake cha kung'olea mkuki uliousimika mlangoni ulipofika. Baada ya hapo alishika fimbo yake akawasindikiza.

Na katika kusindikiza Mzee Karoli alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa baba yake. Mwenyeji harudi kwa hiari yake. Anayemrudisha ni mgeni. Mnatembea, mnaongea, na mahali fulani mgeni anasimama anasema, "Rudini sasa, tumefika," hata kama hajafika popote. Hapo mwenyeji anashukuru na kugeuka. Akigeuka kabla hajaambiwa, ni sawa na kumfukuza mtu. Nawe unayeongozana nao humwulizi mzee atarudi saa ngapi, maana ni kumwambia amekuchosha. Watu wote wa pande hizi walilijua jambo hili bila kufundishwa. Hata wageni wa mbali walikuwa wakimpa mkono wa kwaheri pale majini, kwa hiyo mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyelijua.

Siku moja nikawapeleka Madame Elize na mume wake, wazee wawili waliotoka Ulaya, watu wapole waliopenda kila kitu. Tulipofika kwa Mzee Karoli nikaona ua umefagiwa mpaka unang'aa, mikeka mipya imetandikwa, maua yamefungwa kwenye nguzo za mlango. Wanawake walikuwa wanapika kwenye masufuria makubwa. Nikajaa kiburi. Nikawaambia wageni wangu kwa Kifaransa, mnaona jinsi mnavyopokewa. Mzee Karoli alitukaribisha kwa tabasamu la kawaida, ila alikuwa akitazama ziwani mara kwa mara, na bintiye Veneranda alichungulia mlangoni, akatuona sisi, akarudi ndani na uso umemshuka. Hata hilo halikunishtua. Ningeshtukaje, na sifa zote nilikuwa nimezichukua mimi?

Wageni wakanywa, wakapewa cha kung'olea mkuki, tukateremka. Mzee Karoli na fimbo yake alikuwa pamoja nasi. Tulipofika majini akamshika Madame mkono ili apande mashuani, na Madame, kwa furaha, hakuuachia. Mzee akapanda pia. Nilidhani anashukia kwenye jiwe la mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, karibu na ncha ya kisiwa, kwa kuwa pale kila mara kuna mitumbwi ya jirani zake wa kumrudisha. Tukalipita jiwe. Mzee akamtazama Madame kwa matumaini, naye akamwonyesha ndege. Tukaipita ncha yenyewe. Mzee akamtazama bwana, bwana akampiga picha. Mimi nikajisemea moyoni kwamba bila shaka mzee ana shughuli zake mjini, labda anafuata chumvi.

Tulipogusa Kamembe nikaona uso wake umebadilika, nikathubutu kumwuliza.

"Papa Karoli, uko na kazi gani huku?"

"Sina kazi," akasema polepole, asije akasikika analalamika. "Niko nasindikiza bageni bako. Habajanirudisha bado. Na leo muchana bakwe banafika kwangu kuomba Veneranda."

Posa, na baba wa binti yuko ng'ambo. Ua uliofagiwa, mikeka, masufuria, vyote vikaniingia akilini kwa mkupuo. Veneranda na yule kijana, Silvesta, mwalimu wa shule kule Giheke, walikuwa wamependana tangu walipojuana sokoni, na kila mtu kisiwani alijua kwamba binti alikuwa amewakataa wengine kwa ajili yake. Kwa posa kama ile, baba anatakiwa awe amekaa kitini wakwe wanapoingia. Wakikuta kiti kitupu, wanalisoma kuwa jibu.

Nikawaeleza wageni. Madame akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniuliza maneno yanayotakiwa, akayarudia mara mbili kimya kimya, kisha akasimama mbele ya Mzee Karoli na kutamka kwa Kiswahili chake cha siku nne, "Rudi sasa, tumefika." Mzee akavua kofia, akainama, akamshukuru kwa dhati. Sasa alikuwa ameruhusiwa kabisa kurudi nyumbani, na ziwa zima liko katikati.

Nikageuka niisukume mashua, nikamkuta Maman Ziada amesimama mbele yangu pamoja na wazee watano. Makoti marefu, kofia, fimbo zilizopakwa mafuta, bidoni za pombe ya ndizi na kreti ya Fanta.

"Saidi, ngoja kwanza," akasema. "Mupiga kasia wao hakufika. Nilishaambia aba bazee utabapeleka Nkombo, bako na posa."

Mzee Karoli alikuwa nyuma yangu. Akawaona, wao bado hawajamwona uso, na nikamsikia akivuta pumzi na kukaa nayo. Mkwe na baba wa binti hawakutani njiani siku ya posa. Ni mkosi na ni aibu, na bado hujaongeza swali la baba anafanya nini bandarini.

Hapa ndipo Madame Elize aliponiokoa, Mungu amjaze kheri popote alipo. Hakuelewa lugha, alielewa nyuso. Alivua koti lake la mvua la njano akamvika mzee, akamfunga skafu shingoni, akamkandamizia kichwani kofia yake ya majani yenye utepe wa waridi, mumewe akamalizia na jile, lile koti la kuelea. Wakamkalisha mbele kabisa kwenye ncha ya mashua, wao wawili ubavuni kwake, wote wakitazama ziwa. Madame alisema wamesahau kitu kisiwani na lazima warudi. Wakwe wakapanda nyuma, karibu nami. Mnakumbuka nilichowaambia juu ya mzito katikati? Siku ile sikupanga mtu. Nilisoma Ayatul Kursiy nikavuta kamba ya mota, na mota, kwa mara ya kwanza mwezi ule, ikawaka papo hapo.

Msemaji wa wakwe aliitwa Mzee Anselmi, mtu mrefu, mpenda maneno, mwenye macho yasiyotulia. Tulikuwa hatujaenda mbali akaniinamia.

"Na ule mugeni wa tatu, njo nani?"

"Ni papa ya Madame."

"Mbona haangalie huku?"

"Jua ya kwetu imemuchokesha."

Akatikisa kichwa kumhurumia. Halafu, kwa kuwa aliamini mashua imejaa wageni wasiojua lugha, akaanza kufanya mazoezi ya hotuba yake. Aliisema yote. Atakavyosifu ua wa nyumba, atakavyosema wamekuja kutafuta ua la kupanda kwao, atakavyojibu akiambiwa binti amesafiri, mzaha wa kwanza na mzaha wa akiba. Niliona mabega ya koti la njano yakitikisika kwenye ule mzaha wa akiba. Nikaongeza moto wa mota ili kelele zizidi.

Kisha mmoja wao, mjomba wa kijana, akasema hana imani na safari hii. Amesikia watu wa kisiwani wana majivuno, na baba wa binti hata hawakumjua vizuri. Mzee Anselmi akaacha utani. Alisema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu niliyasikia na mwenye kuhusika akiyasikia, "Tukikuta baba hayuko kwa kiti, tunarudi na bidoni zetu. Silvesta ataoa kwingine." Wenzake wakaitikia. Kule mbele, utepe wa waridi ukatulia tuli.

Sasa nawaambia nilivyopanga. Nilipanga kuifikisha mashua upande wa mawe, niwashushe wakwe kwanza kwenye njia ndefu, halafu mzee apande kwa njia ya mbuzi. Mpango mzuri. Niliufurahia hadi tulipolipita lile jiwe la mnandi, upepo wa mchana ukatupiga, na Mzee Anselmi akapiga chafya.

Na kutoka ndani ya koti la njano ikasikika sauti, wazi, ya upole, "Kira."

Nyinyi mnajua. Mtu akipiga chafya unamwambia kira, yaani pona, naye anajibu twese, yaani sote. Mzee Karoli alikuwa amemwambia kila mtu kira tangu akiwa mtoto: watoto, mapadri waliotoka Mibirizi, hata mbuzi wake. Angeweza kuzuia pumzi, njaa na kicheko. Hiyo hakuweza.

Madame alifumba macho. Mimi nilitazama Bukavu, kwa sababu haikimbii. Mzee Anselmi alilitazama lile koti la njano muda mrefu. Akatazama chini, kwenye miguu iliyotokeza chini ya koti, miguu mikavu yenye udongo mwekundu wa Nkombo. Nikasubiri neno litakalomvunja Veneranda.

"Twese," akajibu.

Akapangusa pua, akageuka kuwauliza wenzake habari za mihogo. Tukagusa mchanga. Hapo akajishika kiuno, akakaa juu ya kreti ya Fanta na kuwaashiria wenzake nao wakae.

"Saidi, siye ba Giheke hatuzoee mayi," akasema kwa sauti iliyofika mpaka mbele. "Acha tukae hapa kidogo, kichwa itulie. Papa ya Madame atangulie tu. Naona ni muntu ya haraka."

Papa ya Madame alitangulia. Vijana, sijapata kuona mzee akipanda mlima namna ile, jile ikipigapiga mgongoni na koti la njano likipepea katikati ya migomba. Kila mara mjomba alipotaka kuinuka, Mzee Anselmi aliona jambo jingine ziwani la kutazamwa. Alinitaka nimtajie visiwa vyote kwa majina. Nilivitaja, na vilipokwisha nikabuni vingine viwili.

Tulipoingia uani, Mzee Karoli alikuwa kitini. Koti halipo, jile haipo, skafu haipo. Fimbo mkononi, uso mzito wa baba mwenye binti, kifua kikipanda na kushuka. Na kichwani, kofia ya majani yenye utepe wa waridi.

Wazee kumi waliokaa pale walikuwa wameiona, mkewe aliiona akajifunika uso kwa kitenge, nami nilijiuma ulimi. Mzee Anselmi alisimama mbele ya kofia ile na kutoa hotuba yake yote bila kutetereka, na upande wa binti wakamjibu kila neno kwa ufasaha wa ajabu, kana kwamba walikuwa wakiijua tangu jana. Alipofika kwenye mzaha wa akiba, Mzee Karoli alicheka kabla haujaisha. Veneranda akatolewa, akaulizwa, akakubali kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Nililia, sioni haya kusema. Nilimtazama binti yule nikawaza jinsi furaha yake ilivyovuka ziwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imevaa jile.

Jioni, wageni wangu walipotaka kuondoka, Madame Elize alikuwa na hofu ya sheria. Hata hajaweka chini kikombe chake akasimama na kutangaza, "Rudini sasa, tumefika!" Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee Karoli alimweleza kupitia kwangu kwamba bado wako ndani ya boma, na akawasindikiza mpaka majini kama ilivyo desturi. Aliagana nao huku mkono mmoja ameshika tawi la mti, na hakuliachia mpaka tulipokuwa mbali. Kofia Madame alikataa kuipokea. Mzee aliivaa kwenye harusi, na baadaye akaivaa shambani hadi utepe ukaisha.

Miaka ikapita. Siku moja nilimvusha Mzee Anselmi akienda kumwona mjukuu, mtoto wa Veneranda aliyekuwa kwa babu yake kisiwani, nikamwuliza kwa nini siku ile hakutuumbua. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yana maji.

"Tulikuwa tunaenda kuuliza ule baba ni muntu ya namna gani," akasema. "Akanijibu njiani. Amejificha, anaogopa, binti yake iko hatarini, na bado ananiambia kira. Ningeuliza nini tena?"

Basi vijana, mashua zenu ni mpya, mota zinawaka, na wageni wenu wanajua jina la kila kilima kabla hawajafika. Sina la kuwafundisha kwenye hayo. Wakalisheni wazito katikati, msiahidi fisi-maji, yai liacheni hotelini. Na mgeni akiinuka, simu ziwekeni mfukoni, mtembee naye.

Nyinyi wenyewe mmetembea nami tangu asubuhi, mmenibebea kiti, mmenisikiliza, na hakuna aliyetazama saa. Nimeona. Mngeendelea kukaa hapa mpaka giza kwa sababu sijawaruhusu, na hiyo inanitosha. Sasa mzee wenu amechoka, na njia iliyobaki hadi kwangu ni fupi, naijua.

Rudini sasa. Nimefika.